Maswali ya Wasomaji: Ugonjwa wa Ukoo Hurithiwa Vipi?

Barua tulizopokea miezi hii kutoka Tanga mjini, Pangani na Muheza zimekuwa zikirudia swali moja kwa sura mbalimbali, nalo ni kama ugonjwa uliompata mzazi, dada au mtoto unatoka katika damu ya ukoo. Nimechagua tano. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa heshima yao.

*

*Daktari, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, nina umri wa miaka 34 na watoto wawili. Mama yangu mzazi alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 46. Mwaka jana mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea baada ya hapo, naye amegunduliwa kuwa na ugonjwa huohuo. Wifi yangu ananiambia kwamba damu yetu imeharibika na mimi ndiye wa tatu. Kila ninapooga hujipapasa mpaka ngozi inauma. Je, ni kweli kwamba nimekwisha kuirithi saratani?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa kuuguza. Nianze na jibu kisha nilifafanue: saratani haikurithiwa, na wewe si wa tatu katika foleni yoyote. Kinachoweza kurithiwa ni tofauti ndogo katika vinasaba ambayo huongeza uwezekano wa saratani kutokea, na hata hiyo hatujui bado kama iko katika ukoo wenu.

Kila seli ya mwili wako imebeba maandishi marefu ya vinasaba, yapata herufi bilioni 3 ulizozipata kwa mama na nyingine kama hizo kwa baba. Ndani ya maandishi hayo mna jeni karibu 20,000, na kila jeni ni kama sentensi inayoueleza mwili namna ya kufanya kazi fulani. Ukiwachukua watu wawili wowote sokoni, maandishi yao yanafanana kwa karibu asilimia 99.9, hata hivyo, kwa sababu maandishi yenyewe ni marefu mno, sehemu hiyo ndogo iliyobaki inatosha kuleta tofauti mamilioni. Nyingi hazina madhara yoyote, lakini chache hugeuza maana. Andika neno “mkate”, kisha badilisha herufi ya mwisho tu, utapata “mkata”: chakula kimegeuka kuwa mtu asiye na kitu.

Kwa saratani ya titi, jeni mbili zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika baadhi ya familia ugonjwa huu hufuatana na sehemu fulani ya kromosomu ya 17, mojawapo ya mafungu ambamo maandishi hayo ya vinasaba yamegawanywa, wakati ambapo wataalamu wengi hawakuamini kwamba ugonjwa wenye sababu nyingi kiasi hicho ungeweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja. BRCA1 yenyewe ilipatikana mwaka 1994 na BRCA2 mwaka uliofuata. Kazi ya jeni hizi ni kutengeneza protini zinazokarabati vinasaba vilivyokatika. Ukienda Sahare asubuhi utawaona wavuvi wameketi mchangani wakishona nyavu zilizochanika usiku. Protini hizi hufanya ushonaji wa namna hiyo ndani ya seli, kila siku, bila sisi kujua.

Sasa fuatana nami hapa, kwa sababu hapa ndipo hofu yako inapopata jibu lake. Kila seli ina nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, yaani ina washonaji wawili. Mwanamke aliyezaliwa na nakala moja mbovu haumwi chochote, kwa kuwa mshonaji wa pili huibeba kazi yote. Hatari hujengeka kwa miaka: kati ya mamilioni ya seli za titi, ikitokea moja ikaipoteza na ile nakala nzima iliyobaki, michaniko ya vinasaba vyake haishonwi tena vizuri, makosa hulimbikizana, na seli hiyo inaweza kuanza kugawanyika bila utaratibu. Ndiyo maana katika familia hizi ugonjwa hutokea mapema kuliko kwa wengine, kwa sababu hatua ya kwanza ilikwisha kupigwa kabla mtu hajazaliwa.

Kati ya wanawake 100 wenye nakala mbovu ya BRCA1, kati ya 55 na 72 hupata saratani ya titi kabla ya kutimiza umri wa miaka 80. Kwa wanawake wa Marekani kwa jumla, ni kama 13 kati ya 100 katika maisha yao yote. Hiyo ni hatari kubwa na sitaki kuipunguza kwa maneno. Lakini ukizisoma hesabu hizo upande wa pili, utaona kwamba hata miongoni mwa wenye nakala mbovu wapo wengi ambao hawakuugua kabisa. Tena mzazi mwenye nakala hiyo humrithisha mtoto nakala moja tu kati ya zake mbili, hivyo kama marehemu mama yako alikuwa nayo, uwezekano wa kuwa umeipata wewe ni nusu kwa nusu. Na kati ya saratani zote za titi, zinazotokana na jeni nzito za kurithi ni kama 5 hadi 10 tu kwa kila 100. Dada wawili wanaweza kuugua bila jeni yoyote kati ya hizo kuhusika.

Kwa hiyo, badala ya kujipapasa kila siku, chukua karatasi. Chora duara kwa kila mwanamke wa ukoo wako na mraba kwa kila mwanamume, kuanzia babu na bibi wa pande zote mbili, utie wino ndani ya wale waliougua saratani ya aina yoyote, na pembeni uandike umri waliogunduliwa nao. Nakumbuka karatasi moja niliyoletewa na dada mmoja, imechorwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Upande wa mama ulikuwa mweupe kabisa. Upande wa baba ulikuwa na maduara matatu meusi: shangazi wawili, mmoja akiwa na miaka 39, na bibi mzaa baba, ambaye familia ilisema tu kwamba “alikufa kwa tumbo”, na baadaye ikafahamika kuwa ni saratani ya ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi. Alikuwa amewaacha nje ya hesabu miaka yote hiyo akiamini kwamba ugonjwa wa titi hutoka kwa mama peke yake. Baba huirithisha jeni hii sawasawa na mama, na yeye mwenyewe huenda asiugue, ingawa wanaume wenye BRCA2 mbovu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya tezi dume, na hata ya titi.

Karatasi hiyo ipeleke hospitali ya mkoa, Bombo, na uombe ushauri wa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mambo yanayomfanya daktari afikirie urithi ni ugonjwa kutokea kabla ya miaka 50, kutokea kwenye matiti yote mawili, saratani ya titi na ya ovari kukutana katika ukoo mmoja, au mwanamume kuugua titi. Kama kipimo cha vinasaba kitaamuliwa, wa kwanza kupimwa anapaswa kuwa mama mdogo na si wewe, kwa sababu yeye ndiye mgonjwa: nakala mbovu ikionekana kwake, ndipo kipimo chako kitakuwa na jibu linaloeleweka. Majibu yakiwa ya hatari, zipo njia za kufanya, kuanzia uchunguzi wa mara kwa mara kwa picha za matiti hadi upasuaji wa kinga, na hakuna hata moja inayopaswa kuamuliwa kwa haraka au kwa shinikizo la mtu.

Hata kipimo kisipopatikana, kwa historia yako omba uchunguzi wa matiti hospitalini uanze kabla ya rika la wengine; madaktari wengi huanza miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu aliyeugua mapema zaidi aligunduliwa, na kwako hiyo haizidi miaka 36, kwa kuwa mama yako alifariki akiwa na 46. Kujipapasa kunatosha mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi, kwa mkono mwepesi. Ukiona uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, au chuchu inayotoa damu au iliyoingia ndani ghafla, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Na wifi yako naomba asome haya pamoja nawe. Nina hakika amesema kwa kuogopa, si kwa ubaya, ila maneno “damu imeharibika” yamewafanya wanawake wengi wakafiche uvimbe chini ya kanga mpaka ukawa kidonda.

*

*Assalaam alaykum, Daktari. Mimi ni kijana wa Pangani na ninatarajia kumuoa mtoto wa ami yangu. Nyumba zote mbili zimeridhia na mahari imekwisha kutajwa. Lakini dada yangu mkubwa alimpoteza mtoto kwa sikoseli, na mama mkwe wake alimwambia kwamba ni yeye aliyeileta ndani ya nyumba yao. Je, kuoana ndugu ndiko kunakoleta ugonjwa huu? Tuvunje posa?*

Waalaykum salaam. Naomba kabla ya posa tumalize kwanza habari ya dada yako, kwa kuwa amebebeshwa mzigo usio wake. Sikoseli, au selimundu kama tunavyoiandika, haiwezi kuletwa na mama peke yake. Mtoto huugua anapopata nakala yenye kasoro kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Aliyeyasema maneno yale ni mzazi wa mwanamume ambaye naye, bila kujua na bila kosa, aliitoa nusu ya pili. Nimeona ndoa zikivunjika kwa jambo hili, na mwanamke akirudishwa kwao na maiti ya mwanawe bado haijatimiza arobaini. Kama dada yako yuko hai na anasoma, mpe ukurasa huu.

Kasoro yenyewe ni herufi moja tu katika jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini, ile inayobeba hewa katika damu. Kwa herufi hiyo moja, chembe nyekundu ikipungukiwa na hewa hujikunja kama mundu, huwa ngumu, na huziba mishipa midogo. Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana kwenye vidole: mtoto wa miezi minane au tisa anaamka vidole vimevimba vyote, vimetutumka kama ndizi fupi, na hataki mkono wake uguswe.

Mtu mwenye nakala moja tu haumwi. Tena kuna faida aliyoipata, na hapa pwani inatuhusu sana. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye nakala hiyo walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba nakala moja huwakinga watoto dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali ni karibu asilimia 90. Kwa karne nyingi, katika tambarare za Muheza na mwambao wa Pangani, ambako mbu hawakuwapa watoto nafasi kama walivyopata wenzao wa vilele vya Usambara, aliyekuwa na nakala moja aliishi akazaa. Ndiyo sababu imeenea kwetu, na hakuna laana wala mkono wa mtu hapo. Mtoto mwenye nakala mbili hana kinga hiyo; kwake malaria ni hatari zaidi.

Sasa posa. Watoto wa ndugu wawili hushirikiana kama sehemu moja ya nane ya vinasaba vyao, kwa sababu wana babu na bibi mmoja. Kuoana kwao hakuzalishi kasoro mpya, bali huongeza uwezekano wa nakala mbili za kasoro ya zamani kukutana. Kwa jumla, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na tatizo kubwa la maumbile ni kama 3 katika 100 kwa wazazi wasio na udugu, na kama 6 katika 100 kwa mabinamu. Hivyo wengi huzaa watoto wazima, lakini katika nyumba yenu kuna jambo la kuangalia. Dada yako kwa hakika ana nakala moja, na aliipata kwa baba au kwa mama yenu. Nawe una uwezekano usiopungua nusu wa kuwa nayo. Kama imetoka upande wa baba, ambao ndio mnaoshirikiana wewe na mchumba wako, uwezekano wake yeye pia umeongezeka. Kama imetoka kwa mama yako, na mama huyo si wa ukoo wao, basi mchumba wako yuko kama msichana mwingine yeyote wa Pangani.

Haya yote hukatwa na kipimo kimoja cha damu, cha kutenganisha aina za himoglobini, mkapima wote wawili. Kile cha haraka cha kuonyesha tu kwamba kuna mundu hakitoshi kutofautisha mwenye nakala moja na mwenye mbili. Kama ni mmoja wenu tu mwenye nakala, hakuna mtoto wenu atakayeugua sikoseli. Mkiwa nayo wote wawili, katika kila mimba kuna robo ya uwezekano wa mtoto mgonjwa, nusu ya mtoto mwenye nakala moja, na robo ya mtoto asiye nayo kabisa. Na nasisitiza “kila mimba”, maana wapo wanaodhani kwamba wakishapata mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wako salama. Kila mimba huanza hesabu upya.

Mkikuta mnayo wote, uamuzi ni wenu na wazazi wenu, sitawaamulia. Mkioana, mtoto apimwe mapema baada ya kuzaliwa, kwa sababu penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiyurea huokoa watoto ambao zamani tuliwazika. Nendeni mkapime kabla ya siku ya nikahi kutangazwa, wakati ambapo kila mmoja bado ana uhuru wa kufikiri.

*

*Daktari, bibi yangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Je, nami nitaipata? Nina miaka 22, naishi Makorora.*

Saratani hii kwa karibu visa vyote husababishwa na kirusi cha papiloma kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Urithi una mchango mdogo sana. Chanjo yake hutolewa kwa wasichana nchini tangu mwaka 2018; wewe ulizia kama uliipata shuleni, na ukifikia umri wa kuchunguzwa usikose.

*

*Daktari, mtoto wetu wa kwanza aliondolewa jicho la kushoto akiwa na mwaka mmoja na nusu, wakasema ni saratani. Sasa mke wangu ni mjamzito. Je, huyu ajaye atakuwa salama? Baba, Muheza.*

Pole sana, baba. Huu ni ugonjwa unaoitwa retinoblastoma, unaoanza kwenye utando wa nyuma wa jicho. Alfred Knudson, daktari na mtafiti wa Marekani, alichunguza watoto 48 wenye ugonjwa huu na mwaka 1971 akatoa hoja ile ile niliyomweleza msomaji wa Ngamiani, ya nakala mbili zinazopotea moja baada ya nyingine. Katika ugonjwa huu ni jeni ya RB1, iliyoko kromosomu ya 13, inayozuia seli isigawanyike ovyo. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu mara nyingi huugua macho yote mawili na akiwa mdogo sana. Mtoto aliyeugua jicho moja, kama wako, kwa kawaida alizipoteza nakala zote mbili ndani ya jicho lenyewe baada ya mimba kutungwa. Lakini kwa watoto kama 15 katika 100 wa jicho moja, kasoro ni ya kurithika.

Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba huyu ajaye atakuwa mzima, ila usiuachie uwezekano peke yake. Apimwe macho na daktari bingwa katika siku zake za mwanzo na arudishwe kwa ratiba atakayoipanga. Uliza pia hospitali iliyomfanyia mkubwa upasuaji kama kinyama kilichotolewa kimehifadhiwa, kwani kipimo cha vinasaba huanzia hapo. Nyinyi wazazi mchunguzwe macho pia. Na nyumbani, ukimpiga mtoto picha kwa mwanga wa simu, mboni moja ikatoka nyeupe ilhali nyingine ni nyekundu au nyeusi, usingoje picha ya pili.

*

*Daktari, kijana wangu aliyeko Uingereza amenitumia kipimo cha mate cha vinasaba. Majibu yamekuja kwa simu kwamba sina jeni za saratani. Je, niache uchunguzi wa tezi dume? Mzee, Chumbageni.*

Hapana, mzee wangu, na shikamoo. Vipimo vya namna hii mara nyingi hutazama sehemu chache tu za maandishi. Kimoja kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya BRCA kilitazama tofauti 3 kati ya maelfu zinazojulikana, na hizo 3 hupatikana hasa kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki. Jibu la “huna” maana yake ni kwamba huna hizo 3, na hukutarajiwa kuwa nazo.

Liko na jambo lingine linaloniuma. Watu wengi mno waliopimwa katika tafiti za vinasaba na magonjwa ni wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko kwingine kote duniani. Matokeo yake, mtu wa Tanga akipimwa hupata zaidi jibu la “tofauti hii haijulikani maana yake”, na alama za hatari zinazojumlisha mamia ya tofauti ndogo hukosea zaidi kwake. Hali hiyo imetukosesha sote maarifa, kwani hata dawa mpya za kushusha lehemu zilipata msukumo mkubwa kutoka kwa Wamarekani weusi wachache ambao nakala moja ya jeni yao ya PCSK9 haifanyi kazi na ambao kwa sababu hiyo huugua moyo mara chache sana. Mradi wa H3Africa wa utafiti wa vinasaba barani Afrika, ulioanzishwa mwaka 2010, ulifanya kazi ya kulipunguza pengo hilo, nawe ukiombwa na watafiti wa kweli, wenye kibali na maelezo yanayoeleweka, kutoa damu yako ni msaada kwa wajukuu.

Uchunguzi wa tezi dume endelea nao kama daktari wako alivyopanga. Mwambie kama baba yako au kaka yako aliwahi kuugua, na kwa umri gani. Kwa sasa habari hiyo itamsaidia kuliko majibu yaliyomo kwenye simu.